Dakika Nne za Kila Siku

Kituoni, tarehe 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha utaigeuza mara mbili kabla ya kuifungua, kwa hiyo nakuondolea wasiwasi mapema: siumwi, sijafukuzwa kazi, wala sina shida inayokungoja uitatue. Nakuandikia kwa sababu Jumapili gazeti litatoa habari yangu, na sikutaka uipate kwa mteja aliyekuja kubadilisha betri ya saa.

Ni miaka miwili sasa tangu nitoke nyumbani bila kuaga vizuri. Mama huniletea salamu zako kwenye barua zake, ila nadhani anazitunga mwenyewe.

Watu wanadhani mtaalamu wa nyota ni mtu wa kuchungulia kwenye darubini. Mimi sijachungulia kitu tangu nifike huku. Tunapokea mawimbi ya redio yanayotoka angani. Sahani yetu ya kuyadaka ni pana kama uwanja wa mpira na haizunguki. Imelala chali inatazama juu, na kwa kuwa dunia inajizungusha, anga lenyewe ndilo linalopita mbele yake kama kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Mawimbi hayo ni hafifu kiasi kwamba simu moja tu mfukoni ingeyafunika. Ndiyo maana simu zinaachwa getini, kilomita ishirini kutoka hapa, na wewe unapata karatasi.

Mwishoni mwa mwezi uliopita, saa kumi jioni na dakika chache, mstari kwenye kioo cha kompyuta ulianza kupiga. Mpigo mmoja, kisha mwingine, kila baada ya sekunde moja na kidogo, bila kukosea. Ukaendelea karibu nusu saa, na huo ndio muda ambao kitu cha angani huchukua kupita juu yetu. Kisha ukanyamaza. Kesho yake ukarudi. Siku tano mfululizo.

Profesa, mkuu wa kituo, anasema ni nyota iliyokufa. Nyota kubwa ikimaliza kuungua, kiini chake hujikunja kikawa mpira mdogo wenye uzito usiosemeka, kikazunguka kama pia ya mtoto huku kikirusha mwale wa redio, mfano wa mnara wa taa. Kila mwale ukitupitia, tunapata mpigo. Za namna hiyo zimeshapatikana nyingi, ila hii haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyeiona kwanza.

Siku ile niliyoondoka ulisema nitazeeka nikitafuta vitu ambavyo hakuna anayevihitaji, na kiti changu cha karakana kimekaa tupu. Sikuandikii ili nikusute. Nimetaka tu ujue.

Mwanao


Karakana, tarehe 12 Machi

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Bahasha niliigeuza mara tatu, si mbili.

Gazeti nimelisoma. Mama yako amelisoma. Fundi viatu wa mlango wa pili amelisoma kwa sauti barabarani, na sasa anadai alijua tangu ukiwa mdogo kwamba utafika mbali, jambo ambalo ni uongo mtupu, maana alikuwa akikufukuza kibandani kwake kwa sababu ya maswali. Kila mteja anayeingia namwonyesha. Juzi mmoja alikuja kuchukua saa yake akatoka nikiwa bado naeleza habari ya mnara wa taa; alirudi baadaye, saa yake aliisahau mezani.

Hayo ya siku ile uliyoyataja, sina la kusema kwa sasa. Mimi si mwepesi wa kalamu, unajua. Kwenye saa nikikosea nafungua tena, narudisha gurudumu mahali pake. Maneno hayafunguki hivyo.

Nina swali moja, na ni la kikazi. Nyota yako inapita saa ngapi hasa? Nisemapo hasa, nataka dakika. Ikipita juu yenu, nadhani haiko mbali na juu yetu pia. Nataka wakati huo niwe nimesimama nje ya karakana. Najua sitaona kitu, na mchana ndiyo kabisa. Nataka tu nisimame.

Mama yako anakusalimu. Safari hii salamu zangu ni zangu.

Baba yako


Kituoni, tarehe 18 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Swali lako nimelipenda, lakini jibu lake lina mkia mrefu.

Nyota hazifuati saa ya ukutani. Saa yako inalifuata jua. Dunia ikijizungusha mara moja, inakuwa pia imepiga hatua ndogo katika safari yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo inalazimika kujigeuza kidogo zaidi ili jua lirudi palepale. Nyota ziko mbali mno, hatua hiyo kwao si kitu. Kwa hiyo kila nyota inawahi kwa dakika nne hivi kila siku. Inayopita juu yako leo saa kumi kamili, kesho itapita saa kumi kasoro dakika nne. Baada ya mwezi itapita saa nane. Mwaka ukiisha, imeshazunguka saa zote na kurudi ilikoanzia.

Zile siku tano za mwanzo ilikuwa kwenye saa kumi na dakika kumi. Siku tano ni tofauti ya dakika kumi na sita tu, na yenyewe inapita polepole, kwa hiyo kwenye kumbukumbu zetu tofauti hiyo haijitokezi vizuri. Tangu hapo hatujaiona tena, kwa sababu kipokezi, kile chombo kinachoning'inia juu ya sahani na kupokea mawimbi, kimeshushwa kufanyiwa matengenezo. Tutakiwasha tarehe 27. Siku hiyo naitegemea saa nane na dakika chache mchana. Toka nje wakati huo, baba. Mimi nitakuwa kwenye kioo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Maswali wako


Karakana, tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dakika zako nne zimeninyima usingizi, lakini kwa jambo jema.

Nilikaa na kalamu nikagawanya dakika za siku nzima kwa siku za mwaka, nikapata dakika nne kasoro sekunde chache. Nikaishusha ile saa kubwa ya pendulamu iliyokuwa juu ya kabati, nikapandisha kwa skrubu ule uzito unaobembea ili uende kasi, kidogo, nikangoja siku, nikaangalia, nikapandisha tena. Sasa inawahi kiasi hichohicho kila siku. Miaka arobaini nimelipwa kuzuia saa zisikimbie, leo naikimbiza moja kwa makusudi. Mama yako ananitazama tu.

Nimeitundika dirishani karibu na ile ya kawaida. Nyota yako ikipita, saa hii inapaswa kuonyesha kumi na dakika kumi, leo, kesho na mwaka mzima, wakati ile nyingine itakuwa inasema lake. Watu wanasimama kuuliza mbona saa za fundi saa hazipatani, nami ndipo ninapowanasa.

Tarehe 27 nitakuwa nje. Niandikie ilipita saa ngapi, nirekebishe sekunde.

Baba yako


Kituoni, tarehe 2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kipokezi kimewashwa na mipigo ipo kama kawaida. Profesa ana furaha sana. Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa wataalamu wa nyota, na anataka tuiwasilishe huko, kwa hiyo kazi zimenilemea. Saa na dakika nitakuandikia nikitulia.

Msalimie mama.

Maswali


Karakana, tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ile saa ya nyota nimeiondoa dirishani, ina hitilafu ndogo. Si kitu. Hizo dakika usijisumbue kuniandikia, una kazi nyingi.

Kula vizuri.

Baba yako


Kituoni, tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya mistari mitano imenikalisha siku nzima. Nimeielewa hivi: umechoka na nyota yangu, kama nilivyojua siku moja utachoka. Labda ni bora, maana nililo nalo la kukwambia litakuwa jepesi kidogo.

Nyota haipo.

Tarehe 27 nilikaa kwenye kioo kuanzia saa saba. Saa nane ikafika na mstari umenyooka. Nikajiambia tumekosea hesabu. Ikafika saa tisa. Saa kumi na dakika tisa, mipigo ikaanza. Kesho yake saa kumi na dakika kumi na moja. Mwezi mzima umepita na saa yake ni ileile. Hakuna kitu cha angani chenye tabia hiyo. Kinachofuata saa ya ukutani kimetoka kwa mtu mwenye saa ya ukutani.

Nilimwambia Profesa kwamba huenda kuna shida. Akasema tungoje, data zaidi, tusikimbilie. Wiki iliyopita, akiwa safarini, nilikigeuza kipokezi kikatazama ardhini. Nyota ingepotea. Mipigo ikawa mikubwa maradufu.

Nimelijua hili tangu tarehe 27, baba, na tarehe 2 nikakuandikia kwamba mipigo ipo kama kawaida. Si uongo, lakini niliandika kwa nia ya uongo. Ulikuwa umesimama nje ya karakana kwa ajili yangu. Ulikuwa umetengeneza saa. Miaka miwili hatukuandikiana hata mstari, kisha nyota hii ikakurudisha, na mimi nikaogopa kwamba ikiondoka na wewe utaondoka nayo.

Kesho asubuhi Profesa anarudi. Nitaingia ofisini kwake kabla hajavua koti, nimwambie kwamba jina langu litoke kwenye makala ya mkutano, hata kama lake litabaki. Inawezekana barua yangu ijayo ikatoka kwingine.

Mwanao


Karakana, tarehe 20 Aprili

Mwanangu Maswali,

Nakuomba ukae chini kabla ya kuendelea.

Saa yangu haina hitilafu. Nilikudanganya.

Tarehe 27 nilisimama nje saa nane na dakika chache, nikainua uso, fundi viatu akaniuliza kama mvua inakuja. Nilirudi ndani na furaha yangu. Wiki iliyofuata gazeti likaandika kwamba mwandishi wao amefika kituoni kwenu tarehe 30 na kuiona mipigo kwa macho yake, saa kumi jioni. Nikaisoma mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili nikaitazama saa ya dirishani. Tarehe 30 saa kumi jioni, saa ya nyota ilikuwa imeshaipita kumi na dakika kumi kwa zaidi ya saa mbili nzima.

Niliikagua ile saa siku tatu. Niliifungua yote, nikaisafisha, nikaifunga. Nilitamani kosa liwe langu. Mwanangu, saa iko sawa.

Nikaishusha, nikaifunika kitambaa ili mtu mwingine asije akapiga hesabu. Kisha nikakuandikia ile barua fupi. Nisingeweza kusema zaidi. Mimi ndiye niliyekwambia kazi yako haina maana, halafu niwe mimi tena wa kukwambia ulichokipata hakipo? Ungeona nimekaa miaka miwili nikisubiri nafasi.

Mama yako aliniona nikiichana karatasi ya tatu. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akasema, "Mteja akikuletea saa inayodanganya, unamwambia au unamwacha aende nayo?" Nikasema huyu si mteja. Akasema, "Ndiyo nashangaa. Mteja ungemwambia."

Basi nakwambia. Angalia tena saa zake, mwanangu, kabla ya huo mkutano. Ikiwa nimekosea, nicheke mpaka uchoke. Ikiwa sijakosea, rudi nyumbani upumzike ukitaka, au baki huko ukitaka. Kwa vyovyote mimi nipo.

Baba yako


Kituoni, tarehe 6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Yako niliipokea siku moja baada ya kuonana na Profesa, nikaisomea kwenye ngazi za ofisi, na katibu akadhani nimefiwa.

Profesa nilimweleza yote nikiwa nimesimama: zile saa, kipokezi kilipotazama ardhini, na jina langu. Alivua miwani akaifuta. Amefanya kazi hii miaka thelathini, baba, na hii ndiyo ingekuwa nyota yake ya kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nilijua siku ileile ya ishirini na saba. Nilikuwa nangoja mtu aniambie waziwazi." Sikuwa na hasira naye. Ningewezaje, wakati na mimi nilikuwa nimelifungia sandukuni?

Mkutanoni alisimama mwenyewe akatangaza kwamba tumeiondoa. Wako waliocheka. Wako waliokuja baadaye kuniuliza ile hila ya kukigeuza kipokezi niliifanyaje, wengine wakiandika. Gazeti nalo limetoa mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro.

Kisha tukaanza kuutafuta mpigo wenyewe. Mhandisi mmoja na mimi tulizunguka na gari, nimeshika antena ndogo ya mkono, kila siku saa kumi, kama watu wanaotafuta kuku aliyepotea. Siku ya nne, nyuma ya kilima, kilomita kumi na moja kutoka kituoni, tulimkuta bibi mmoja anayeishi peke yake na bustani ya vitunguu. Ana pampu ya zamani ya kuvuta maji kisimani, ile inayokwenda juu na chini. Anaiwasha kwa saa yake ya ukutani, kumi na dakika kumi hivi, jua likipungua makali, tangi linajaa kwa nusu saa, anaizima. Swichi yake imelegea. Kila pampu inapokita, ndani ya swichi kunaruka cheche. Mpigo mmoja kila sekunde na kidogo.

Sheria ya eneo letu ni kwamba mashine yoyote yenye cheche izimwe. Mhandisi alimweleza kwa adabu. Bibi akanigeukia mimi. "Mnanizimia maji ili msikie nini?" Nikamwambia tunajaribu kuujua ulimwengu ulivyo. Akaniuliza kama huo ulimwengu una mpango wowote wa kumwagilia vitunguu. Nimeomba siku kumi na nne kabla ya pampu kufungwa. Fundi wa umeme wa kituo anasema swichi ya aina hiyo haitengenezwi tena na haina vipuri.

Wewe unaonaje?

Maswali


Karakana, tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Mtu yeyote asiiguse hiyo swichi. Mwambie bibi nakuja Jumatano. Niandikie tu kama basi linafika getini au linaishia barabara kuu.

Baba yako


Nyumbani, tarehe 2 Juni

Mwanangu Maswali,

Nimefika salama. Kiuno kinauma, na mama yako anasema ni haki yangu kwa kukataa mto wa kukalia.

Nimeulizwa habari za huko mpaka nimechoka, na mengine siwezi kuyaeleza. Sahani nimeieleza, watu hawaamini ukubwa wake. Nimeeleza mlinzi wa getini alivyochukua simu yangu, akaniuliza kama saa ya mkononi ni ya betri, nami nikamwambia mimi sivai saa ya betri, nazitengeneza tu. Nimeeleza ile swichi: ncha mbili za shaba zimeungua zikawa kama meno mabovu, nikachonga nyingine kwa mkono, nikaweka kapasita ya kumeza cheche na kasha la bati juu yake. Bibi alisimama nyuma yangu muda wote akinihesabia skrubu. Hapo nimemaliza, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Nisichoweza kumweleza mtu ni ile saa kumi ya siku ya mwisho. Bibi alikuwa amewasha pampu yake kule nyuma ya kilima, maji yanakwenda, na mimi na wewe tumekaa mbele ya kioo. Dakika ya kumi ikapita, ya ishirini, ya thelathini. Mstari umenyooka tu. Kitu hakikutokea hata kimoja, na wewe ulikuwa na uso wa mtu aliyeletewa mtoto mchanga amshike. Ukaniambia, sasa likija la kweli tutalijua. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema jambo pale, ikashindikana, Profesa akaingia na chai.

Nalisema hapa. Siku ile nilikosea. Si kwa sababu gazeti liliandika, maana gazeti limeshajifuta lenyewe. Nilikosea kwa sababu nilidhani kazi yako ni kutazama vitu vya mbali, kumbe ni kazi ileile ya mezani kwangu: kujua kinachosema kweli na kinachodanganya, hata kama kinachodanganya kinapendeza. Kile kiti cha karakana nimempa mama yako akalie anaposhona kwa cherehani. Usijione una deni nacho.

Jana yule mteja aliyesahau saa alipita tena. Akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, ile nyota ya binti yako imefikia wapi?" Fundi viatu akainamisha kichwa kwenye soli, akajifanya hasikii.

Nikamwambia, "Haikuwepo. Na aliyegundua kwamba haikuwepo ni binti yangu."

Akafikiri kidogo, akauliza kama hiyo nayo ni kazi. Nikamsogezea kiti akae.

Baba yako